Unga wa Kumzalisha Sato? Haya, Tuhesabu

Sato habembelezwi kuzaa. Mwachie bwawa, baada ya miezi michache utaokota vifaranga mpaka ndani ya kandambili. Wenye vituo vya vifaranga wananunua nyongeza za chakula kwa sababu nyingine: wanataka mayai yaanguliwe. Tunashuka kutoka tano.

5. Mafuta ya samaki. Ghali. Sato wa maji baridi anaridhika na mafuta ya soya. Hayo mengine waachie wa baharini, wamezoea maisha ya juu.

4. Protini. Mzazi anataka asilimia 35 hadi 40. Pumba tupu haifiki hata nusu yake. Unamlisha pumba, halafu unamlaumu mama mkwe wa jirani kwa husuda!

3. Vitamini E. Mwaka 1922, watafiti Evans na Bishop kule California walikuwa na panya ambao mimba zao zinaharibika. Wakawalisha saladi, wakazaa. Kwa samaki, vitamini hii inalinda mayai na mbegu za dume zisiharibiwe na oksijeni. Kambale dume mwonee huruma tu: hata umpe kopo zima, kituoni huwa anapasuliwa ndipo mbegu zipatikane. Harusi gani hiyo?

2. Mbegu za papai. Hizi zinafanya kinyume: zikisagwa na kuchanganywa kwenye chakula, zinapunguza uzazi. Mfugaji wa samaki wa sahani anazipenda, maana bwawa likijaa watoto wote wanadumaa. Usikosee ndoo.

1. Vitamini C. Samaki wengi, kama sisi, hawajitengenezei. Na mama sato ana desturi yake: anayatamia mayai mdomoni, karibu hali kitu siku zote hizo. Mfungue taya juu ya beseni, yanamwagika ya manjano, kila moja na akiba yake ya chakula ndani. Akiba hiyo ni alichokula mama kabla ya kufunga mdomo. Vitamini C ikipungua, yanayoanguliwa ni machache, na vifaranga vingine vinatoka na mgongo uliopinda.

Ubaya wake, haivumilii joto wala kukaa ghalani. Kwa hiyo uliza gunia la chakula lilitengenezwa lini. Muuzaji akiapa, “Limeingia juzi, bosi,” na juu yake paka ananyonyesha watoto walioshafumbua macho, hela yako irudishe mfukoni.