YAH: Pongezi kwa Kuichelewesha Kigamboni

Kwa Wapangaji wa Jiji la Dar es Salaam,

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kuzuia watu wasihamie mahali wanapopataka ni kazi iliyowashinda wengi. Wakoloni waliugawa mji huu kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na bado Uswahilini kukafurika hadi pomoni. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya Nguvu Kazi. Wasio na ajira wakazolewa mitaani na kupelekwa vijijini, na wengi wakarudi Dar kabla waliowapeleka hawajamaliza kuandika ripoti. Ninyi hamkuhitaji mgambo wala malori. Mlitumia ramani ya rangi na tangazo moja tu, na pale ng'ambo, ambako mtu aliyesimama Kivukoni anaziona nyumba kwa macho yake, mkafanikiwa kuushika mji usisogee kwa miaka kadhaa. Naandika kuwapongeza, na kuwauliza kwa heshima zote kama mlikusudia.

Najua mnavyoeleza kwa nini pembezoni moja ya jiji hukimbia na nyingine hujikokota: mwamko wa wananchi, umbali, hali ya ardhi. Basi tuanze na umbali. Mbagala na Gongo la Mboto ziko zaidi ya kilomita kumi kutoka Posta. Kigamboni inatazamana na Ikulu. Kwa hesabu ya umbali, Kigamboni ilipaswa kujaa kwanza, Mbagala ifuate. Sensa ya 2012 ikakuta kinyume chake: eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kigamboni lilikuwa na watu 162,932, ilhali Temeke, iliko Mbagala, kwa mipaka ya sasa, ilikuwa nao 1,205,949, zaidi ya mara saba. Ardhi haikuwa tatizo, maana mashamba yalikuwa tele na upepo wa bahari ni wa bure. Mwamko nao haukukosekana, maana wa Mbagala na wa Kigamboni ni ndugu na wana shida zilezile. Kilichotofautiana ni vitu viwili, na vyote viwili vilipita mezani kwenu: ugumu wa safari ya kila siku, na hofu kwamba nyumba unayojenga huenda isiwe yako.

Kuhusu safari, mkazi wa Mbagala alipanda daladala akabanwa, akafika. Mwenzake wa Kigamboni alipanda bajaji hadi feri, akapanga foleni, akasubiri pantoni, akavuka, kisha akatafuta usafiri mwingine Kivukoni. Na pantoni ikiharibika, siku yake ya kazi imeharibika nayo. Aliyetaka kukwepa maji alizunguka Kongowe. Mfanyakazi anayeamua pa kununua kiwanja haangalii kilomita, anaangalia saa ya kuamka, nauli ya mwezi mzima, na itakuwaje mtoto akishikwa na degedege saa nane usiku. Kiwanja cha bei poa ng'ambo ya maji humgharimu kila asubuhi. Ndiyo maana mji uliifuata barabara ya Morogoro hadi Kimara, Mbezi na Kibamba, mbali kuliko Mjimwema, na ukaacha ufukwe ukiwa mweupe.

Lakini maji peke yake yasingetosha, na hapo ndipo ustadi wenu ulipoonekana. Mwaka 2008 ukatangazwa mji mpya wa Kigamboni, wenye majengo marefu, bustani na kila kinachopendeza kwenye karatasi. Wenye maeneo wakaambiwa wasimamishe ujenzi, wasubiri tathmini na fidia. Wakasubiri. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kamili na haki tuyaache kwa wanasheria, ila haraka hata sisi tusiosoma sheria tunaijua ikipita. Matokeo yake yalikuwa ya kuonekana kwa macho: nyumba iliyosimama kwenye lenta, nondo zimechomoza na kushika kutu, tofali zimeota ukungu, na sebuleni umejiotea mpapai ambao haukuomba kibali kwa mtu. Mwenye nyumba hakujua kama anajenga makazi au anajenga hoja ya kudai fidia. Mnunuzi naye alisita, kwa kuwa hakuna anayenunua kesi kwa bei ya kiwanja. Mwishowe mradi ukafifia, na watu wakarudi kwenye mchanga na saruji wakiwa wamezeeka kidogo.

Mtanijibu kwamba katazo lilikuwa la hekima, kwamba mji ukiachwa ujikulie huwa holela, hauna barabara za kupitisha zimamoto wala mitaro ya maji ya mvua. Hoja hii ina ukweli, na anayeishi Goba au Kivule hawezi kuipinga akiwa na gari lililokwama tope. Ila inachukulia kwamba mtu aliyezuiwa kujenga Kigamboni anarudi nyumbani kwake, anakunja mikono na kusubiri mchoro. Harudi. Anahamishia tofali zake mahali ambako hakuna aliyechora chochote. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 Ilala iliongezeka kwa asilimia 35, ikafikisha watu 1,649,912, na wengi wa walioongezeka wamejaa pembezoni kama Chanika, Kivule na Msongola, si Kariakoo. Ubungo iliongezeka kwa karibu asilimia 29. Na tukivuka mpaka wa mkoa, Pwani ilitoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Si wote ni wa pembezoni mwa Dar, maana Pwani ina Rufiji na Mafia pia. Lakini mtu akipita Vikindu, Kibaha au Mapinga haulizi tena nyongeza hiyo imetoka wapi. Dar yote iliongeza watu wapatao 1,019,000. Pwani, iliyoanza ikiwa na robo tu ya watu wa Dar, ikaongeza wapatao 926,000. Uholela hamkuuzuia, mliuhamisha tu, na mkauhamishia mbali zaidi na bomba la maji.

Pengine mtataja mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002 na kupima Bunju, Tuangoma, Buyuni, Kibada na Gezaulole kabla ya watu kuvamia. Ulikuwa mradi mzuri, na mawe ya mipaka yalisimama wima kama askari wa gwaride. Ila viwanja vingi vilibaki pori kwa miaka, kwa sababu aliyenunua alipata namba ya kiwanja na ploti ya nyasi. Maji, umeme na daladala havikuwemo kwenye hati. Wenye uwezo walivinunua kuviweka akiba, na wenye shida ya nyumba wakaenda kujenga kwingine, pasipopimwa lakini penye kituo cha basi. Upimaji ni jambo jema, ila mtu hakai juu ya jiwe la mpaka.

Mwingine kati yenu atasema kukua polepole si dosari. Nakubali, kwa wilaya moja. Kinondoni iliongezeka kwa chini ya asilimia 6 katika miaka hiyo kumi, na hakuna wa kulaumiwa: Masaki na Mikocheni ni ghali, Tandale na Mwananyamala zimekwishajaa. Huko mji umepunguza mwendo kwa sababu umefika. Kigamboni ulipunguza mwendo kwa sababu ulifungiwa mlango. Ukizichanganya sababu hizi mbili kwenye jedwali moja, utadhani ni ugonjwa mmoja, na utaagiza dawa isiyotibu chochote.

Ushahidi wa mlango ni daraja. Mwaka 2016 lilifunguliwa Daraja la Kigamboni, na sensa ya 2022 ikakuta Kigamboni ina watu 317,902, ongezeko la asilimia 95. Watu walewale, ardhi ileile, jua lilelile. Najua asilimia hiyo mtaining'iniza ukutani kama cheti, lakini kumbukeni imehesabiwa juu ya idadi ndogo. Kigamboni iliongeza watu 155,000 hivi, Ilala ikaongeza 429,000. Na hata daraja hamkuliacha lifanye kazi yake bila kuliwekea kizuizi. Bodaboda, bajaji, daladala na gari la mchanga vyote vikatozwa, hadi tozo ikabidi ipunguzwe mwaka 2022. Mwaka huohuo lilifunguliwa Daraja la Tanzanite, kilomita moja na ushei juu ya bahari, kumfikisha mtu wa Oysterbay mjini bila foleni. Hilo halina kibanda cha tozo. Nimefurahi kujua kwamba bahari ya upande ule haina gharama.

Mtasema Daraja la Kigamboni lilijengwa kwa asilimia 60 na mfuko wa NSSF, na fedha za wastaafu lazima zirudi. Ni kweli, na asiyetaka zirudi hamtakii mema mfanyakazi. Swali si kama zirudi, ni nani azirudishe. Barabara ya Morogoro ilipanuliwa kwa fedha ya umma, na anayetoka Kibamba hakutozwa kwa kuitumia. Mji ukikubali kwamba barabara ya mmoja hulipwa na wote, na ya mwingine alipe mwenyewe kila akienda kazini, basi umeshaamua ni pembezoni ipi ikue na ipi isubiri.

Kwa hiyo naomba matatu. Tangazo la kusimamisha ujenzi lisitoke kabla fedha ya fidia haijawa benki. Likitoka, liwe na tarehe ya mwisho, na ikifika mwenye eneo aendelee kujenga bila kumwomba mtu. Na deni la daraja ligawanywe kwa jiji zima, au siku ya kufutwa kwa tozo itajwe hadharani. Mkiona haya ni mazito, lipo la nne, jepesi: hamishieni ustadi wenu Chanika. Tangazeni mji wa kisasa, choreni ziwa la kuchimbwa na treni ya juu, katazeni ujenzi, kisha mkae. Foleni ya Gongo la Mboto itapungua bila kujenga hata mita moja ya lami.

Naomba kuwasilisha.

Wenu mtiifu,
Mlipa kodi ya jengo kwa LUKU

Nakala: Mkoa wa Pwani, kwa taarifa na maandalizi ya kupokea wageni.