Sifa za Sakafu ya Paini

Watu wenye akili hapa Itungi, Kyela, hujenga sakafu ya saruji. Wachache tu ndio tuliojaliwa sakafu ya paini, na kwa kuwa neema husifiwa mwenyewe akingali nayo, naisifu ya kwangu kabla haijaoza.

Kwanza nasaba. Mti huu kwao ni Meksiko. Ukahamia kwenye baridi ya Sao Hill kule Mufindi, na ya shamba la miti la Kiwira, Rungwe. Kisha ukapasuliwa mbao, ukateremshwa kwa fuso mpaka Kyela, kwenye joto la ziwani na mvua inayokoma ikipenda. Mgeni wa nasaba hiyo ana haki ya kununa.

Ni karimu: nyufa zake zimewapa makazi mende, siafu na mchele wa kumshibisha jogoo. Ni mwimbaji pia, na usiku hakuna anayekwenda chooni kwa siri.

Lakini sifa yake kuu ni kumbukumbu. Paini ni mbao laini, hata ukucha unaandika. Inakumbuka mchi ulipoanguka, kitanda kilipoburutwa, na shangazi alipocheza harusini na viatu vya visigino. Inua mkeka uliokaa muda mrefu karibu na dirisha: chini yake mbao ni nyeupe kama siku ilipopigwa randa, ila pembeni mwanga umeigeuza manjano, na mpaka wa mkeka umechorwa wote, pamoja na pale ukili ulipofumuka. Vanishi nayo imehifadhi visubi wa ziwani waliotua ikiwa mbichi, kila mmoja na mabawa yake. Makumbusho hulipa watu kwa kazi hiyo.

Utunzaji wake ni ibada. Msasa namba 80, kisha 120, daima kufuata nyuzi. Vanishi mikono mitatu, myembamba, na kati ya mkono na mkono msasa laini. Kudeki ni kwa tambara lililokamuliwa sana. Mchanga wa ufukweni ufagiliwe kila siku, maana chini ya kandambili nao ni msasa. Yote nimeyatimiza. Masika vanishi ikagoma kukauka, ikanasa nyayo za paka kutoka mlangoni hadi jikoni.

Hapa naomba niweke heshima kando. Mbao ya sakafu hukaushwa mpaka unyevu ubaki asilimia 12 hivi. Yangu ilikuwa ikitoa maji ukiipiga msumari! Muuzaji akaapa ni kavu. Fundi akaapa itakaukia hukohuko. Na kweli, kiangazi ikakauka, ikaacha nyufa za kupitisha kalamu. Mvua ziliporudi ikavimba, ikang'oa misumari. Nikampigia fundi. "Mzee, hiyo mbao iko hai, inapumua." Ndaga fijo, asante sana, fundi. Anayehema ni mimi.

Turudi kwenye kumbukumbu. Mto Kiwira, ambao kazi yake ya kila mwaka ni kuijaza bandari yetu mchanga, masika fulani ulipanda nguzo za nyumba ukafika kwenye mbao. Maji yalipotoka wakaja wakubwa wa tathmini ya hasara. Mmoja, mzito, akakalia kiti cha chuma, akaandika majina, akapiga picha, akatusainisha. Kalamu yake ilivuja. Vishimo vinne vya kiti vipo mpaka leo, na doa la wino limezama kwenye nyuzi, msasa haulifikii.

Nilipokwenda kufuatilia ofisini kwao, jalada halikuonekana. Njoo Jumatatu. Jumatatu, mwenye ufunguo wa kabati yuko semina. Njoo kesho. Mwishowe nikaulizwa, kwa upole sana, kama nina hakika kuna mtu alifika kwangu.

Ninayo hakika, na imepigiliwa misumari. Lakini kwao chini ni marumaru nyeupe. Foleni nzima ilikuwa imeingia na matope ya vijijini. Mhudumu akapitisha dekio mara moja, ikawa hakuna mwananchi aliyewahi kufika pale.

Kwa hiyo napendekeza masjala zote nchini zitandikwe paini, tena bila vanishi, ili kila aliyeambiwa arudi kesho aache alama. Mbao mbichi zipo. Fundi ninaye, na ameshasema zitakaukia hukohuko.