Barua ya Rufaa kutoka Masalani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

YAH: OMBI LA WATOTO WACHANGA WA IJARA KUSAJILIWA KAMA HIROLA

Mheshimiwa,

Nieleze kwanza tumefikaje hapa. Jirani na mji wetu wa Masalani, hapa Ijara, kuna hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, na ndani yake, tangu 2012, kuna boma la hirola lenye ua wa kuzuia simba na fisi. Walianzia 48. Wana askari wa doria na wana watu wa kuwahesabu. Hatuna kinyongo nao. Ni swala wetu, na inakisiwa duniani kote hawafiki 500. Tunauliza tu mtoto wa binadamu afanye nini ili naye aandikwe kuwa yu hatarini.

Isije ikasemwa hatujui kumtambua. Mkunga humtambua kabla kitovu hakijakatwa: ametoka kimya badala ya kulia, au miezi yake haikutimia, au mizani inakataa kufika kilo mbili na nusu. Nyanya yake humtambua siku ya tatu, gizani, bila mizani: hanyonyi, anahema mbio, kifua kinabonyea, mwili unachoma au umepoa. Hili la kupoa huwachekesha wageni. Mtoto apatwe na baridi Masalani, ambako mbuzi hutafuta kivuli asubuhi? Anapatwa, Mheshimiwa. Njiti aliyeachwa na maji ya uzazi mwilini hupoteza joto hata huku kwetu, na akishuka chini ya nyuzi 36.5 ameshaanza safari, wala si ya hospitali ya Garissa.

Dawa yake ya kwanza ni kumkausha na kumlaza kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, anyonye hapo hapo. Madaktari wa Bogotá, kule Kolombia, waliianza 1978 kwa kuwa inkubeta hazikuwatosha. Haihitaji umeme wala zabuni, kwa hiyo sioni nani atasafiri kuja kuizindua.

Lakini kifua cha mama hakina oksijeni ya mtungi, wala hakidungi dawa ya maambukizi ya damu. Hapo ndipo mwongozo unaposema, kwa Kiingereza safi, mtoto apewe rufaa. Anapewa. Karatasi nzuri, ina muhuri. Hospitali ya Garissa iko zaidi ya kilomita 140 hata kwa anayepaa kama tai, na mtoto wetu hapai. Mtoto wa kule Hulugho ana safari nyingine kabla hata hajatufikia sisi. Mvua ikinyesha, udongo wetu hushika gurudumu hadi jua litakapopenda. Novemba 2023, mafuriko ya El Niño yalikata barabara hadi mlangoni mwa Garissa, watu wakavushwa kwa boti upande wa Madogo. Sijui mtungi wa oksijeni nao ungekatiwa tiketi ya kiti gani.

Neno hilo rufaa hatukulijifunza hospitalini. Mwaka 1996 Shirika la Wanyamapori lilitaka kuwahamishia hirola wetu Tsavo. Wakazi wa huku wakaenda Mahakama Kuu na kupata amri ya kulizuia. Nakumbusha hili si kwa kujisifu, bali kwa sababu ya jambo dogo lililotupita siku zile: kumbe njia ya kumtoa kiumbe Ijara, akafika salama aendako, ilikuwepo!

Sasa hesabu, maana wizara inapenda hesabu. Utafiti wa taifa wa 2014 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 22 hufa kabla ya kutimiza mwezi. Ule wa 2022 ukakuta 21. Mtoto mmoja kwa miaka minane. Lengo la dunia ni kushuka hadi 12 ifikapo 2030. Kwa mwendo wetu tutalifikia 2094. Tumewaomba wachanga wavute subira, lakini wengi wao huondoka wiki ya kwanza, kabla ya akika ya siku ya saba, kwa hiyo hata jina la kuandika daftarini hakuna. Labda ndiyo maana daftari linaonekana safi.

Ombi letu basi ni dogo. Kila kichanga cha Ijara kinachozaliwa chini ya kilo mbili na nusu kiandikwe hirola. Kitapata wa kukihesabu kila asubuhi, na kikiugua, atatafutwa wa kukihamisha. Ua tutajitolea kujenga wenyewe, miiba tunayo.

Ombi likikataliwa tutarudi Mahakama Kuu. Nahofia wakili atatushangaa: safari ile tulikwenda kuzuia uhamisho, safari hii tunakwenda kuuomba.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Masalani

Nakala: Hirola, Ishaqbini (kwa taarifa tu).