Mpishe Mwenzako

Ndugu zangu wa sataranji, nawavulia kofia. Wawili wa ridhaa wanakaa mashindanoni, saa katikati yao, wakiandika kila hatua kana kwamba wanatia saini hati ya shamba. Ukigusa kete, sharti uisogeze. Watazamaji kimya, hata kikohozi ni kosa. Saa tatu baadaye mmoja anamtoa malkia wake bure, kisha anasingizia mwanga wa dirishani.

Sasa njooni Garissa, chini ya mgunga, mtazame shax, mchezo wa wafugaji wa Kisomali. Ubao ni mchanga: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, makutano 24. Kila mmoja ana kete 12, huyu vijiti, yule mawe. Zikishapangwa, ukipata tatu kwenye mstari mmoja unang'oa moja ya mwenzako. Wachezaji ni wawili kwa jina tu. Wazee waliowazunguka hutoa ushauri, huukana, halafu humlaumu aliyeufuata.

Kwenye sataranji, mpinzani asiyetishwa akikosa pa kusogea, ni sare, twende nyumbani. Kwenye shax, ukimziba mwenzako kila upande, ni juu yako kumfungulia njia. Na sheria hiyo imetungwa na watu wanaogombea zamu ya kisima tangu alfajiri!

Ningeomba sheria hiyo ibandikwe kwenye vizuizi vya barabara ya Garissa, pale abiria wanaposhushwa basini kuonyesha vitambulisho.