Mbuyu, Mbuzi na Mwanagenzi wa Pikipiki

Mwanagenzi wa pikipiki katika kaunti za Kitui na Makueni, huko Ukambani nchini Kenya, kwa kawaida huipata pikipiki kabla ya kuijua. Pikipiki hununuliwa kwa pesa za ndengu au za maembe, kwa mkopo wa chama, au huachwa nyumbani na ndugu aliyepata kazi Mombasa, na ndipo familia inapoanza kuulizana ni nani ataiendesha. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za injini chini ya cc 250, chombo hiki kimekuwa ndicho gari la nyumbani mahali ambapo matatu hupita mara moja asubuhi na kurudi jioni ikikumbuka. Kwa hiyo wanaojifunza si vijana wa steji peke yao. Wamo walimu wa shule za msingi, wahudumu wa afya wa vijijini, wauza mboga, makatekista, na mzee mmoja mmoja aliyechoka kumbembeleza mwanawe ampeleke kwa chifu.

Anayewafundisha, mara nyingi, ni binamu. Sifa yake kuu ni kwamba amewahi kuanguka kila mahali panapoangukika. Yeye mwenyewe alipewa ufunguo, akasukumwa mgongoni, akaambiwa atajua mbele ya safari, na kwa kuwa alipona huona njia hiyo imethibitishwa. Pia huamini kwamba ujasiri huingia mwilini kwa kupigiwa kelele. Lakini mwanagenzi haogopi mwendo hasa. Anaogopa kutojua mashine itafanya nini mkono wake ukifanya hivi au vile. Kazi ya msaidizi ni kumwondolea mishangao hiyo, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio, na kuwaweka mbali washauri wengine.

Washauri hao hupatikana hasa uwanjani. Uwanja wa shule ndio mahali panapofaa kuanzia: ni tambarare, udongo umekanyagwa ukawa mgumu, na magoli mawili ndiyo vizuizi pekee. Tatizo ni watazamaji. Pikipiki ikinguruma na kuzima mara mbili, watoto wa vijiji vitatu huwa wamekwisha kupanga mistari, na kila mtu mzima anayepita na jembe hugeuka mwalimu. Wa kushoto anasema, "Shika klachi!" Wa kulia anasema, "Wachana na klachi!" Mwanagenzi, kwa kuwa amelelewa vizuri, huwatii wote wawili. Saa za mapema kabisa ndizo bora, ingawa hakuna mtoto wa Ukambani anayeweza kulala pikipiki ikizunguka uwanjani.

Kabla ya injini kuwashwa kuna kazi ya kimyakimya ambayo binamu huiruka. Pikipiki za kawaida za boda, Boxer au TVS, huwa na uzito wa zaidi ya kilo 100. Mwanagenzi aisukume akitembea kando yake, aipige stendi, aitoe stendi, aishike breki ikiteremka. Ajifunze pia kuiinua ikiwa imelala: aipe mgongo, achuchumae akiwa ameegemeza makalio kwenye kiti, ashike usukani na chuma cha nyuma, kisha asukume kwa miguu. Anayeweza kuinua pikipiki yake bila kuita watu amepoteza nusu ya hofu ya kuiangusha. Nusu iliyobaki ni ya ekzosi, ambayo huunguza shavu la mguu wa kulia na kumwachia karibu kila mwendeshaji wa nchi hii alama moja mahali pale pale.

Somo la kwanza lenye injini ni klachi, na somo la pili pia ni klachi. Mkono wa kushoto ukiachia polepole, hufika mahali ambapo mlio wa injini unashuka kidogo na pikipiki inataka kusogea. Ujasiri wote unaanzia hapo. Mwanagenzi aingize gia ya kwanza, aachie mpaka hapo tu, asogee mita mbili, ashike tena, asimame. Arudie hadi mkono ujue wenyewe. Binamu huliona zoezi hili kuwa la kupoteza mafuta. Yeye anataka safari. Matokeo yanajulikana. Klachi inaachiwa ghafla, pikipiki inaruka, mwili unabaki nyuma, na kwa kuwa mkono wa kulia umeshika mafuta, kadiri mwili unavyorudi nyuma ndivyo mkono unavyozidi kuyavuta. Pikipiki nyingi zimefahamiana na ua wa miiba wa jirani kwa njia hii. Kinga yake ni ndogo: kifundo cha mkono wa kulia kikae chini tangu mwanzo, ili mkono ukivutwa usiwe na nafasi ya kuzungusha zaidi, na vidole viwili vya kushoto visihame klachi. Injini ikizima, izime. Hakuna aliyewahi kuvunjika mguu kwa sababu ya injini iliyozima uwanjani, ila watoto watacheka, na hilo halina kinga.

Kuhusu gia, inafaa kuuliza mapema pikipiki ya nyumbani ni ya aina gani. Kuna zinazoingiza gia zote kwa kukanyaga upande mmoja, na kuna ambazo gia ya kwanza iko chini na zilizobaki ziko juu. Aliyejifunza kwa ya binamu kisha akarudi kwenye yake huweza kutafuta gia ya tatu akapata ya kwanza, na mlio unaotoka hapo husikika hadi kwa fundi, ambaye huanza kutafuta spana.

Halafu kuna macho. Pikipiki hufuata macho ya anayeiendesha, na Kitui Kusini, pande za Mutomo na Ikutha, jambo hili huthibitishwa na mibuyu. Kiwanja kinaweza kuwa na mbuyu mmoja tu, wenye unene wa nyumba ndogo, unaoonekana kutoka kila upande, na mwanagenzi akaugonga. Anaugonga kwa sababu anautazama, na anautazama kwa sababu anaogopa kuugonga. Msaidizi anayepaza sauti "Angalia mti!" amekamilisha kazi. La kusema ni kinyume chake: angalia njia, angalia pale unapotaka kwenda. Zoezi zuri ni kupanga mawe au vifuniko vya mitungi kwa umbali wa hatua tano na kuvizunguka taratibu, macho yakiwa kwenye nafasi iliyo wazi. Anayeweza kwenda polepole sana bila kuteremsha miguu anaweza kutoka langoni.

Nje ya lango kuna marama, yaani barabara ya changarawe, na mchanga. Marama ya zamani hujikunja mawimbi madogo madogo yanayotikisa meno, na dawa yake ni kuinuka kidogo kwenye kiti, magoti yakibana tangi, viwiko vikiwa vimelegea. Mchanga unahitaji moyo zaidi, kwa sababu unachotaka ni kinyume cha kila kinachoshauriwa na hofu. Hofu inasema kata mafuta, shika breki ya mbele, kaza mikono. Mwanagenzi akiitii, gurudumu la mbele linajizika na yeye anaendelea na safari peke yake. Inatakiwa apunguze mwendo kabla ya kuingia, asogee nyuma kwenye kiti, ashike mafuta kidogo bila kuyakata, aache usukani uyumbe unavyotaka, na kama ni lazima apunguze, atumie breki ya nyuma taratibu. Breki ya mbele, ambayo kwenye lami ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, hapa ipewe likizo.

Mito ya Ukambani, Tiva, Kaiti na mingineyo, kwa miezi mingi ya mwaka huwa ni mchanga mtupu, na njia huivuka kwa drifti ya saruji. Drifti yenye unyevu huota ukungu wa kijani unaoteleza; ivukwe wima, bila kukata kona na bila breki. Mvua za Oktoba hadi Desemba, na zile za Machi hadi Mei, zikianza, mto uliokuwa mkavu asubuhi unaweza kufurika ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali. Hapo mzaha unakoma. Desemba 2021 mto Enziu, karibu na Mwingi, ulisomba basi zima, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mwanagenzi anayegeuza pikipiki ukingoni na kuchelewa harusi asitaniwe na mtu.

Wanyama ndio walimu wakali zaidi, kwa kuwa hawafuati mtaala. Mbuzi aliyevuka hajavuka: upande wa pili hukumbuka kitu na kurudi, hasa ikiwa mtoto wake amebaki. Ng'ombe hutabirika kidogo, maana huendelea kwenda mbele, hivyo apitwe nyuma ya mkia. Punda wa maji amebeba mitungi minne ya lita 20, yaani kilo 80, na upana wake halisi ni ule wa mitungi. Kumpigia honi ni kujifurahisha tu. Mbwa hukimbiza gurudumu, akipiga hesabu ya mahali pikipiki itakapokuwa. Mwanagenzi apunguze mwendo kidogo mbwa akija, kisha aongeze, na hesabu itaharibika. Asimpige teke, kwa sababu mguu mmoja hewani ndio unaoiangusha pikipiki, na mbwa hubaki akishangaa ushindi wake.

Kuku ana sura yake mwenyewe. Hugongwa akiwa kifaranga mkubwa asiye na mpango, na hulipwa akiwa tetea aliyebakiza siku mbili kutaga, wa aina ambayo haipatikani tena. Msaidizi mwema hufundisha na somo hili: simama, vua helmeti, salimia kwanza. "Mwaitu, pole sana," yaani "Mama, pole sana," ikisemwa kabla ya kutaja pesa, hushusha bei kuliko hoja yoyote kuhusu ni nani aliyekuwa na haki ya njia.

Milima ni suala fupi. Mbooni na Kilungu zina kona zinazojirudia na miteremko mirefu, na kuna desturi ya kuteremka na fri, yaani bila gia, ili kuokoa mafuta. Senti zinazookolewa hulipwa kwa breki zilizochemka. Teremka katika gia ya chini, injini ishike mzigo, breki zisaidie. Kupanda, mwanagenzi azoee kuondoka mlimani akiwa ameshika breki ya nyuma kwa mguu wa kulia, aisikie klachi ikishika, ndipo aachie mguu.

Lami huonekana rahisi, na hapo ndipo inapodanganya. Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui, au ile ya Wote hadi Makindu, zinafaa kuanzia kwa sababu magari ni machache kuliko kwenye barabara kuu. Ubaya wake ni unyoofu: mwendo hupanda bila mtu kuukaribisha, na jioni mbuzi hupenda kulala kwenye lami kwa kuwa bado ina joto la mchana. Barabara kuu ya Mombasa, kuanzia Sultan Hamud kupita Emali hadi Mtito Andei, ingoje. Trela ikipishana na pikipiki kwanza huisukuma, kisha huivuta, na asiyeambiwa mapema hudhani usukani umekatika. Akijua, huinama kidogo, hubana tangi kwa magoti, hulegeza viwiko na kuacha upepo upite. Kukaza mikono ndiko kunakoufanya upepo ushinde.

Abiria wa kwanza awe mtungi. Lita 20 za maji ni kilo 20; mtungi ukifungwa vizuri kwa mpira nyuma ya kiti humfundisha mwanagenzi kuwa breki sasa zinahitaji nafasi ndefu zaidi na kona zinahitaji subira. Ujazwe pomoni, kwani mtungi nusu huchezacheza na kuiyumbisha pikipiki. Faida yake nyingine ni kwamba haugeuki nyuma kumpungia mtu. Baada ya mtungi aje mtu mwenye uzoefu wa kubebwa. Binamu, kwa mfano, akae nyuma na aonje mafunzo yake. Mama aliyevaa kwa ajili ya kanisa asiwe wa kwanza: anakaa upande, mkono mmoja una kitabu cha nyimbo, na pikipiki ikilala kidogo kwenye kona yeye huegemea upande wa pili ili kuiokoa. Aambiwe kabla ya kupanda atazame juu ya bega la mwendeshaji upande ambao kona inaelekea. Akitazama huko, mwili wake unafuata bila amri nyingine.

Karatasi zisisahauliwe katikati ya haya yote. Leseni ya daraja A2 ni ya pikipiki yako mwenyewe. Anayetaka kubeba watu kwa malipo anahitaji A3. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wote wavae helmeti na jaketi ya riflekta, na abiria awe mmoja. Helmeti inayoning'inia kwenye usukani huukinga usukani. Mwanagenzi aliye na karatasi zake hupita kizuizi cha polisi bila jasho, na jasho hilo, kwa wengi, limeharibu safari kuliko mchanga.

Safari ya kwanza ya peke yake iwe fupi, mchana, isiwe siku ya soko, tangi likiwa na mafuta na simu ikiwa na chaji. Msaidizi asimfuate kwa pikipiki nyingine, kwani mwanagenzi atatumia njia nzima kutazama kioo. Usiku uwekwe mwisho kabisa, na hata hapo mwendo usizidi umbali ambao taa inaangaza, maana vumbi la gari lililotangulia bado linaning'inia hewani, baiskeli hazina taa, na punda aliyefunguliwa jioni hana riflekta.