Gwiji Aitetea Penseli

Gwiji alipanda jukwaani na penseli nne kwenye mfuko wa shati, zote mpya, zote hazijachongwa. Mshereheshaji alimsomea wasifu: mlezi wa mstari, mlinzi wa mkono, mshauri wa kujitegemea wa majengo yaliyosimama na yatakayosimama. Wasifu huo Gwiji aliuandika mwenyewe, na kila mshereheshaji aliporuka sentensi, mwenye wasifu alikohoa mpaka ikarudiwa. Ukumbini walikaa wanafunzi wa usanifu majengo, wachora ramani wa mitaani, wakadiriaji majenzi wawili watatu, na mafundi waliosikia kwamba kuna chakula.

"Wanangu," akaanza, "kompyuta imeua usanifu."

Akatulia kupisha makofi. Kijana mmoja wa mbele akapiga mara mbili, akageuka, akajiona yuko peke yake, akaacha.

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba mstari wa mkono una roho na wa kompyuta hauna. Zamani, alisema Gwiji, mchoraji alivuta pumzi ndipo akavuta mstari, na unene wa mstari ule ulitoka moyoni. Hapo mzee mmoja wa safu ya nyuma, mchora ramani mstaafu aliyezeekea kwenye meza ya kuchorea, alicheka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

Alikuwa na haki ya kucheka. Kalamu za wino walizotumia watu wa rika lake, kama zile za Rapidograph ambazo kampuni ya Rotring ya Ujerumani ilizitoa kuanzia mwaka 1953, zilikuja kupangwa kwa viwango na kuuzwa kwa namba: 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7. Hizo ni milimita. Kila kalamu ni nene kuliko iliyoitangulia kwa takriban mara 1.4, na sababu yake ni karatasi. Mchoro wa A1 ukipunguzwa kuwa A2, kila kitu kinasinyaa kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo mstari wa 0.5 unakuwa 0.35, na mchoraji anauendeleza kwa kalamu ambayo tayari iko mezani. Moyo hauhusiki. Mkono huu unaosifiwa leo ulifundishwa kwa miaka uchore kama mashine, na kijana aliyethubutu kuonyesha roho yake kwenye mstari wa ukuta aliambiwa arudie.

Kurudia kwenyewe kulikuwa adhabu. Wino ukishakauka kwenye karatasi ya tresi hautoki kwa raba ya shuleni. Mchoraji alichukua wembe, akaulaza karibu usawa wa karatasi, akaukwangua mstari taratibu huku akipuliza vumbi, kisha akapasugua palipokwanguliwa kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Akizidisha, karatasi inatoboka. Ikitoboka, na mteja keshasema dirisha lihamie kushoto, kazi inaanza upya. Nakala zilitolewa kwa mashine ya amonia: tresi inalazwa juu ya karatasi yenye dawa, mwanga unapita, halafu mvuke wa amonia unaitokeza mistari. Chumba cha mashine ile kilikuwa kikiwatoa watu machozi, na si ya hisia. Gwiji alikiita "hekalu la taaluma". Ilikuwa dhahiri hajawahi kutumwa nakala humo.

Hoja ya pili ilikuwa historia, na aliikatiza kama mtu anayevuka Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni. Kompyuta, alisema, iliingizwa kwenye usanifu mwaka 1982 kwa hila za wafanyabiashara. Mwaka aliupatia nusu: programu ya kuchorea ya AutoCAD ilitoka Desemba 1982. Lakini miaka 19 kabla ya hapo, mwaka 1963, Ivan Sutherland alikuwa amekwisha kuwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha MIT, Marekani, kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Programu ile haikuwa na kipanya. Mtu alishika kalamu ya mwanga, akaigusisha kwenye kioo cha kompyuta, akachora kwa mkono wake. Aliweza kuiamuru mashine iifanye mistari miwili kuwa sambamba, nayo ikatii. Aliweza kuchora umbo moja, akalinakili mara nyingi, na akilibadilisha lile la asili, nakala zote zinabadilika nalo. Mbunifu wa leo anayebadilisha aina ya dirisha kwenye programu ya Revit, na kuona madirisha ya jengo zima yakifuata, anafaidi wazo hilo la kijana wa 1963 aliyekuwa na kalamu mkononi.

Gwiji hakulitaja jina la Sutherland. Alisema "Wamarekani fulani".

Kisha akafika alikokuwa akielekea tangu asubuhi: Sydney. "Utzon," akanguruma, "alichora kwa mkono, na jengo likasimama!"

Lilisimama, ndiyo. Jørn Utzon wa Denmark alishinda shindano la jumba la opera la Sydney mwaka 1957 kwa michoro ya makombe makubwa kando ya maji, michoro mizuri kuitazama hadi leo. Taabu ni kwamba makombe yale hayakuwa na umbo ambalo mhandisi angelipigia hesabu wala fundi kulitengenezea kalibu. Ofisi ya wahandisi ya Ove Arup ilihangaika nayo kwa miaka, ikijaribu umbo hili na lile, ikitumia kompyuta ya Ferranti Pegasus katika enzi ambayo watu wengi walikuwa hawajawahi kuiona kompyuta. Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1961: makombe yote yakatwe kwenye uso wa tufe moja, lenye nusu kipenyo cha mita 75 hivi, ili vipande vya zege vifanane na kalibu zitumike tena na tena. Jengo lililotarajiwa kukamilika mwaka 1963 lilifunguliwa Oktoba 1973. Makisio yalikuwa dola milioni 7 za Australia, likala milioni 102. Utzon mwenyewe alijiuzulu mwaka 1966, akaondoka, na hakurudi tena Australia hadi alipofariki mwaka 2008. Kama huo ndio ushindi wa penseli peke yake, mkadiriaji majenzi yeyote aliyekuwa ukumbini angeomba asishirikishwe.

Akiisha kusifu, Gwiji alilaani. Laana aliielekeza kwa jumba la makumbusho la Guggenheim la Bilbao, Hispania, lililofunguliwa mwaka 1997. "Hilo," alisema, "limetapikwa na mashine." Bahati mbaya, Frank Gehry aliyelibuni hakuwa mtu wa kompyuta hata kidogo. Alianza na michoro ya kalamu, mistari imejipindapinda kama ya mtu anayejaribu wino. Ofisi yake ikaigeuza kuwa modeli za karatasi na mbao. Ndipo chombo maalumu kilipogusa uso wa modeli nukta kwa nukta na kuziingiza nukta hizo kwenye CATIA, programu ya kampuni ya Dassault ya Ufaransa iliyoundwa kwa ajili ya kubuni ndege. Hiyo ndiyo iliyowezesha mabati ya titani yapatayo 33,000, membamba chini ya nusu milimita, yakatwe na kukaa mahali pake. Bajeti haikupasuka.

Mpaka hapo ukumbi ulikuwa unachangamka. Gwiji akaona autie nakshi. "Na zamani," akasema, "majengo hayakuanguka, maana mkono unajua."

Kauli hiyo haichekeshi. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani, madaraja mawili ya ndani yaliyoning'inizwa juu ya ukumbi yaliwaangukia watu waliokuwa kwenye dansi, wakafa 114. Michoro yote ilikuwa ya enzi ya mkono. Awali fimbo moja ndefu ya chuma ilipaswa kushuka kutoka darini, ipite daraja la ghorofa ya nne na kufika la ghorofa ya pili. Wakati wa utengenezaji fimbo ile ikagawanywa mara mbili ili kazi iwe rahisi. Daraja la chini likawa sasa linalining'inia la juu, na kiungo cha juu kikabeba mzigo mara dufu. Mchoro wa badiliko hilo ulipita mezani, ukaidhinishwa, na hakuna aliyekaa chini kupiga hesabu upya.

Haki yake apewe: alikuwa na mfano mmoja wa maana. Mwaka 2013, mjini London, jengo jipya la 20 Fenchurch Street, lililobuniwa na Rafael Viñoly, lilikusanya jua kwenye uso wake wa kioo uliobonyea na kulimwaga barabarani kwa nguvu kiasi cha kuyeyusha sehemu za gari la Jaguar lililokuwa limeegeshwa. Mbunifu alieleza kwamba walikadiria joto la nyuzi 36 hivi, likaja kama mara mbili ya hilo. Kompyuta zilikuwepo, programu zilikuwepo, na jua lilikuwepo tangu zamani. Gwiji alipiga meza, na kwa mara ya kwanza alistahili makofi. Hakupata, kwa sababu wasikilizaji walikuwa wametoa simu kutafuta picha ya lile gari.

Binti mmoja akainua mkono. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni mbunifu majengo. Mteja ananiandikia usiku, anataka ramani, anataka picha za 3D, anataka aone rangi ya makochi kabla msingi haujachimbwa. Nikimtumia mchoro wa penseli anauliza kama nimeishiwa bando."

"Mteja aelimishwe," akajibu Gwiji.

"Na kodi ya ofisi, mzee?"

Gwiji akanywa maji. Binti hakuwa amemaliza, wala hakuwa adui wa penseli. Akaeleza kwamba daftari halimtoki mkobani, kwa sababu kompyuta ina haraka ya kutaka kipimo. Bado hujaamua sebule itazame wapi, yenyewe inakuuliza ukuta una milimita ngapi. Unaandika 3,247 ili iache kuuliza, na kufikia jioni ile namba uliyoibahatisha imeshakuwa uamuzi. Penseli inakuacha usijue kwa muda. Hilo ndilo alilokuwa akilitetea Michael Graves, msanifu wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 2012 kwenye gazeti la New York Times: aliikubali kompyuta kwa michoro ya mwisho, akadai mkono ubaki kwenye mchoro wa kukumbukia na ule wa kufikiria. Gwiji alikuwa amemtaja Graves mapema, ila kwa nusu iliyomfaa.

Akaona arudi nyumbani. "Tazameni Kariakoo! Beda Amuli hakuwa na laptopu!" Kweli hakuwa nayo. Soko lile alilolibuni lilijengwa miaka ya mwanzo ya 1970, na paa lake la miavuli ya zege hukusanya maji ya mvua na kuyashusha hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Ni jengo la kujivunia, na hata moto wa Julai 2021 haukuwaondolea watu hamu ya kulirudisha. Lakini uzuri wa miavuli ile uko kwenye swali alilojiuliza Amuli, kwamba maji yaende wapi, na swali hilo halina chapa ya kalamu.

Kuna kisa ambacho kingemfaa Gwiji kuliko vyote, kama angekijua chote. Paa la kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, liliungua tarehe 15 Aprili 2019. Mwaka 2010 Andrew Tallon alikuwa amelipima kanisa kwa leza, akakusanya zaidi ya nukta bilioni moja. Mwaka 2014 Rémi Fromont na Cédric Trentesaux walipanda darini wakazipima na kuzichora mbao za paa. Warejeshaji walitumia vyote viwili, na mialoni ya paa jipya ikachongwa kwa shoka. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Huko hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza kipi ni bora, maana kazi ilikuwa nyingi.

Mzee wa safu ya nyuma akapewa kipaza sauti. "Walipotuletea kompyuta ofisini nilinuna," alisema. "Nilipogundua kwamba naweza kufuta bila wembe, nikaacha kununa." Akakaa.

Gwiji akatangaza dawa yake: Cheti cha Mkono Halisi, cha daraja la kwanza hadi la tatu, na kila daraja na ada yake. Namba ya kulipia ikatokea kwenye skrini kubwa nyuma yake. Fundi mmoja akauliza kama cheti chenyewe kinachorwa kwa mkono.

"Kinachapwa," akasema Gwiji. "Saini ndiyo yangu."

"Basi nina swali jingine." Fundi akainua simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa na ramani ya nyumba ya ghorofa moja, ametumiwa kama PDF, na aliyeichora hapokei simu tangu juzi. Kwenye ramani ya chini ngazi ina vidato 15, kwenye mchoro wa mkato ina 16. Amwage ipi?

Gwiji akasema hilo ni suala la kifalsafa, akaahidi kuligusa katika hotuba ijayo. Binti alikuwa keshasogea kwa fundi, na mzee naye akaja na miwani. Binti akavuta picha kwa vidole mpaka vipimo vikasomeka: sakafu hadi sakafu mita 3. Mzee akageuza fomu ya kuombea cheti, akapiga hesabu mgongoni mwake. Vidato 15 ni milimita 200 kila kimoja, wenye nyumba watachoka. Vidato 16 ni 187 na nusu, afadhali. Halafu binti akaona kosa lilipo: mchoraji aliurekebisha mkato, akasahau ramani ya chini. Fundi akapiga picha zile hesabu, akazituma saiti, akafuatisha ujumbe wa sauti kwamba mtu yeyote asimwage zege la ngazi kabla yeye hajarudi.