Jasho la Kulipia

Katika nchi kama Uingereza na Marekani, ambako viwanda vilimpokonya mhunzi riziki yake zamani, uhunzi umerudi kama burudani, kwani familia nzima hulipa ada ili ishinde Jumamosi mbele ya tanuri, ikinunua kwa fedha taslimu jasho ambalo kazi ya ofisini huliepusha wiki nzima. Mwanagenzi, yaani mtu anayeanza kujifunza kazi, ambaye hapo kale alimtumikia fundi kwa miaka kadhaa, siku hizi hufuzu kabla ya chai ya alasiri. Hufundishwa kushika chuma kwa koleo, kukisubiri kiive hadi rangi ya chungwa, ambayo huashiria joto la nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, kisha kukifua juu ya fuawe, lile pande zito la chuma linalopokea mapigo yote bila kulalamika, tofauti na baba wa familia, ambaye mkono humlegea mapema lakini heshima mbele ya wanawe humkataza kuitua nyundo. Tunda la siku hiyo huwa kulabu moja ya kutundikia koti, iliyopinda kuliko ilivyokusudiwa, ambayo dukani huuzwa kwa sehemu ndogo ya ada hiyo.

Kule Kamukunji, jijini Nairobi, mafundi wa jua kali hugonga mabati kutwa nzima yakawa masanduku na majiko, bila cheti cha mahudhurio wala picha ya kumbukumbu, na mlio uleule wa nyundo huko huitwa kelele.